Mti wa Mgeni Rasmi

Usevya, Jumamosi

Dada Tabu, shikamoo. Nawasalimu wote hapo Misunkumilo.

Hili sijamwambia mtu yeyote: ule mti aliopanda mgeni rasmi shuleni kwetu mwaka jana ulikufa zamani. Zamu ya kumwagilia ilikuwa yangu, nami nilikuwa nasoma kitabu. Tangu hapo, kila Jumatatu asubuhi nakata tawi bichi la mjohoro na kulichomeka palepale.

Leo klabu yetu ya mazingira imewafundisha watoto wa shule ya msingi ya hapa ubaya wa kukata miti. Mwalimu akanisukuma mbele. "Huyu ndiye mtunzaji wetu! Mti wake haujawahi kunyauka!" Unajua nilivyo mbele za watu. Nikajibanza kando ya ubao.

Msichana mmoja, mtoto wa wafugaji, akanyoosha mkono. "Kaka, mti wenyewe una urefu gani?"

"Unanifika kiunoni."

"Na mwaka jana?"

"Kiunoni."

"Mh! Huo mti au fimbo ya kuchungia ng'ombe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akawaambia ni aina inayokua taratibu, na wenzangu wakaandika hivyo kwenye madaftari.

Kipindi kilipoisha nilimfuata yule msichana, nikamwomba mche kwenye kitalu cha shule yao. Akanichimbulia mjohoro mdogo, akacheka tena. Nimeutia kwenye kopo la mafuta ya kula na kuumwagilia maji yangu ya kunywa. Jumatatu nitaupanda.

Mungu akutunze vizuri zaidi, dada, kuliko nilivyoutunza ule wa kwanza.

Mdogo wako,
Yohana