Bembea Ililia, Fundi Akaitia Oili

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana hasira zangu mwenyewe zinanitosha. Mimi ni fundi wa matengenezo katika shule ya chekechea, kazi niliyopewa na mwalimu mkuu ambaye ni dada mkubwa wa mke wangu, yaani shemeji yangu, na kila muhula kabla ya siku ya wazazi hunipa kopo la rangi nyekundu niipake bembea na mtelezo, nami miaka yote nimepaka juu ya rangi ya zamani bila hata kupiga msasa, kwa sababu nilipomwambia kulabu za juu zinazoshika minyororo zimeanza kulika alinijibu, "Shemeji, wazazi wanaangalia rangi, hakuna anayepanda juu na spana," na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikaendelea kupaka. Halafu kuna daftari la ukaguzi ambalo natakiwa kulitia sahihi kila Jumatatu, lakini ili tusisumbuane shemeji hunisainisha muhula mzima siku ya kufungua shule, nikimaliza analifungia kwenye droo yake.

Sasa mwezi uliopita mwalimu wa darasa la watoto wa miaka mitano, binti mpole asiye na makuu, alinifuata akaniambia, "Fundi, ile bembea ya kushoto inalia, hebu iangalie," nikapanda ngazi, nikaitia oili, ikanyamaza, nikashuka najisifu. Wiki mbili baadaye kulabu ikakatika mtoto akiwa juu, msichana ambaye sote tunamwita Chiriku kwa jinsi anavyoongea, akaanguka akavunjika mkono mahali pawili, na nilipoiokota ile kulabu nikaona chini ya maganda ya rangi kumebaki chuma chembamba kama kijiti cha kiberiti, nikaificha kwenye sanduku langu la vifaa.

Mama yake Chiriku alipokuja kuuliza imekuwaje, shemeji alimwambia mbele yangu, bila kupepesa jicho, kwamba mwalimu alimsukuma mtoto kwa nguvu mno, na yule binti akanigeukia akingoja niseme neno, nami nikainama kufunga kamba za viatu. Ijumaa ijayo kamati ya shule inakutana kumfukuza huyo binti. Nimemchukia shemeji kiasi kwamba nikisikia sauti yake nabadili njia, lakini mke wangu anasema nikifungua mdomo nimemvunjia heshima ndugu yake wa tumbo moja na nyumba haitakalika, eti mwalimu bado kijana, atapata kazi kwingine, na huku kila mapumziko nawaona watoto wanavyoigombania bembea ya kulia, iliyobaki, moyo unaniuma. Niseme au ninyamaze?

Fundi Mwenye Hasira

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, wewe una hasira, mimi nimekuzidi. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, na utajua kwa nini.

Unauliza useme au unyamaze. Kabla ya hilo, umesema watoto wanaigombania bembea ya kulia. Hiyo ilifungwa pamoja na ya kushoto, kwa kulabu zilezile, ikapakwa rangi ileile na mkono uleule. Nani ameikagua? Kurasa nzima umeniandikia, sijaona mahali ulipogusa spana. Moyo unakuuma, sawa, lakini kuuma kwa moyo wako hakumdaki mtoto anayeanguka.

Pole nakupa, maana najua kazi uliyopewa na shemeji haina pa kubishania. Ukibisha shuleni, unakuta kesi imekutangulia nyumbani. Lakini usijifiche nyuma ya gauni lake. Yeye alileta kopo, brashi ilikuwa mkononi mwako. Chuma kikilia kinakuambia kinasagika, wewe ukakiziba mdomo kwa oili. Na hata sasa, kwenye ile droo, kuna sahihi yako inayosema bembea ni nzima Jumatatu ambayo bado haijafika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mshukuru Mungu umeumbuliwa na mkono uliovunjika, si na jeneza dogo.

Mkeo mwulize, kama aliyeanguka angekuwa wenu, angetaka afukuzwe yule yule aliyeonya? Atanuna. Mwache anune, kununa kuna mwisho. Na wewe mwalimu mkuu, gazeti hili najua linafika mezani kwako. Shule nzima mtu mmoja tu aliisikia bembea ikilia, na huyo ndiye uliyemsingizia. Huna haya.

Sasa, fundi, ishushe hiyo bembea, minyororo yote chini, wala usiombe ruhusa. Kwangua rangi mpaka chuma kionekane, kwenye kulabu, kwenye mtelezo, kwenye kila bolti, na kilicholika kitupe, usikichomelee. Ukishafunga vipya, panda wewe kwanza na uzito wako wote ubembee, walimu wakicheka wacheke. Mwombe msamaha yule binti kabla ya kamati kukaa, si baada. Nenda kwa mama yake Chiriku ukamwambie ukweli ukiwa umesimama mbele yake. Siku ya kamati iweke ile kulabu mezani useme, "Aliniambia, mimi nikatia oili." Wakikuuliza daftari, waambie mnavyolisaini. Huenda utakayefukuzwa ni wewe, na sitakuambia watakuwa wamekuonea.

Kamati inakaa Ijumaa. Watoto wanatoka nje kwa mapumziko kesho saa nne asubuhi. Saa tatu uwe umeshapanda ngazi.