Mpira Uliomezwa na Majani

Chicago, Jumapili

Dada yangu Verna,

Kati ya viwanja thelathini vya besiboli, uwanja huu ni wangu wa ishirini na tisa, na ndio mzuri kuliko vyote. Ukuta wake wa matofali umevikwa majani mabichi kama ua wa nyumba yako, ila haya yametunzwa. Mpira ukizama humo, mchezaji hahangaiki kuutafuta. Anainua mikono miwili na mwamuzi anasimamisha mchezo.

Leo ulizama. Nikamuuliza jirani, "Umeenda wapi?"

"Mzee, si umepita hapa hapa mbele yetu? Ulikuwa umelala?"

Sikuuona, Verna. Ulisema macho yangu yanakufa, nami nikakuita mchawi. Uwanja wa thelathini utasubiri. Nitafutie daktari, unitandikie na kitanda. Nimeinua mikono yote miwili.

Kaka yako mkaidi,
Orville