Spika Nilizomtengenezea Baba Mkwe

Chonyonyo, Karagwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka kwenye migomba, nimekaa mlangoni mwa kibanda changu cha ufundi, mvua imekatika sasa hivi. Goti lako linaendeleaje? Na ile mikorosho ya nyuma ya nyumba, mmeipulizia dawa mwaka huu au mmeiachia Mungu tena? Sisi tuko salama. Mume wangu Deusi anakuamkia sana. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa unaniambia nifupishe, na habari hii sitaki kuifupisha.

Nilikuambia kwamba wifi yangu Jovita anaolewa. Huyu ndiye kitinda mimba wa baba mkwe, Mzee Kagaruki, mfugaji wa kule Bugomora, wilaya ya Kyerwa. Kwao, siku ya kumuaga binti, baba husimama mbele ya wageni akatoa majigambo: anataja ukoo wake na ng'ombe wake kwa majina, watu wanaitikia, ndipo anambariki mwanawe. Mzee alikuwa hodari wa mambo hayo kuliko wenzake wote. Lakini aliugua koo, na alipopona sauti ikabaki ya chini, nzito, haina nguvu. Kwenye harusi moja ya ukoo alisimama aseme, zile spika za kukodi zikawa zinanguruma tu. Watu wa nyuma wakaanza mazungumzo yao. Akaketi maneno hayajaisha, na tangu hapo akawa hataki tena kusema mbele za watu. Ukoo ukaamua kwamba baba mdogo, yaani mdogo wake mzee, ndiye atakayesimama siku ya Jovita.

Jovita alikuja kwangu na habari hiyo. Hakuniomba chochote, mama. Alikaa akamenya ndizi pamoja nami huku machozi yanamtoka. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema nitatengeneza spika zitakazomfanya baba yake asikike.

Mimi na Jovita tulikwenda Bugomora kumweleza mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, mngurumo ninao wa kutosha. Watu wanataka maneno."

Nikarudi na hilo neno kichwani. Nilitengeneza maboksi mawili ya plaiwudi nene. Katika kila boksi nikafunga spika kubwa ya besi, na juu yake spika ya kati, hii inayobeba maneno ya mtu. Kuzifunga si kazi. Kazi ni kuzifanya zisikike kama mdomo mmoja. Spika kubwa unaiwekea koili isije ikaingilia sauti nyembamba, na ya kati unaiwekea kapasita isibebeshwe sauti nene.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Besi ilipopiga, ile ya kati ilitetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, maana zilikuwa zinapumua hewa moja. Nikaijengea chumba chake kidogo humo humo ndani ya boksi, nikakijaza sufi ya ule mto ulionishonea. Usinikasirikie, mto ulikuwa umeshachoka. Nyimbo zikatoka safi. Sauti ya Jovita ikatoka safi. Basi nikaweka ujumbe wa sauti ambao mzee alimtumia Jovita kwenye simu, anauliza kama ndama wamekunywa maji. Mama, sauti ile ilitoka kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi. Katikati pote patupu.

Nilibadilisha kapasita. Nikasuka koili upya. Nikazisogeza spika zikaribiane. Hakuna. Siku ya Jovita inakaribia, na Deusi ameanza kuniambia taratibu kwamba si lazima, baba mdogo naye anasema vizuri. Nilimwambia aniache.

Asubuhi moja nikaamua kuzisikiliza moja moja. Ya besi peke yake: mzee yupo, ingawa kama amejifunika blanketi. Ya kati peke yake: mzee yupo, ingawa mwembamba. Nikiziwasha pamoja, mzee anapotea. Hapo ndipo nikaelewa. Kila moja ilikuwa nzima, ila zilikuwa zinauana pale zinapopokezana: hii ikisukuma hewa, ile inaivuta. Na pale pale ndipo ilipokaa sauti ya mzee baada ya ugonjwa. Alama za waya zote zilionyesha nimefunga sawasawa, ndiyo maana sikuwa nimezigusa. Nikafungua nyaya mbili za spika ya kati, nikazigeuza, ya huku ikaenda kule. Nikawasha.

Deusi alikuwa shambani anakata majani ya migomba. Alitoka mbio, anajipangusa mikono, anaangaza uani.

"Baba yuko wapi?" akaniuliza. "Mbona hamjamkaribisha ndani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku yenyewe tulipakia maboksi kwenye pikapu, tukayaunganisha na betri za sola pale Bugomora, yakielekea bondeni. Pale ni majani matupu, hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Wageni walikuwa hawajafika bado. Mzee alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake. Sikumwomba ahutubie. Nilimwomba amwite ng'ombe wake mmoja tu, nione kama waya zimeshika. Akasita, akashika kipaza sauti, akaita bila kujikaza, "Kihogo." Kwenye mteremko wa pili ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu akainua kichwa, akaanza kuja.

Mzee alinirudishia kipaza sauti. Kisha akamwambia baba mdogo apumzike, akaingia ndani kuvaa kanzu.

Mama, alisema. Alisema ukoo wote, ng'ombe wote, na hata waliokuwa nje ya uzio walisimama wakawa wanaitikia. Hakuna aliyepiga soga. Alipoweka mkono juu ya kichwa cha Jovita, kila neno la baraka lilifika, na Jovita safari hii alilia akitabasamu.

Nikadhani amemaliza. Akaacha Kinyambo, akageukia Kiswahili ili nielewe, akasema, "Ninaye mkamwana kutoka Masasi, binti wa Agnesi. Sauti yangu ilianguka, akaiokota. Agnesi huko uliko, umenizalia mtoto."

Watu wakaitikia, Mama. Jina lako liliitikiwa na kilima kizima.

Nisalimie kaka Festo fundi baiskeli, mwambie bisibisi yake ndiyo niliyoitumia. Nisalimie shangazi msuka mikeka, na mama mdogo aliyenifunga ushungi siku naondoka. Deusi anataka kukutumia kahawa ya kwetu. Ukiipata usiikaange sana.

Ni mimi mwanao, fundi,
Tekla