Kokoto za Reli ya Shemeji

Jumapili, 2 Juni

Leo nimekabidhiwa kazi ya kihandisi. Shemeji mwenyewe kanikabidhi, mbele ya dada — kwa hiyo hakuna wa kubisha. Reli yake ndogo ya chumba cha nyuma, ile aliyoijenga juu ya mlango mkuukuu uliolazwa kwenye mapipa mawili, ina kila kitu: stesheni ya kadibodi, daraja, pointi ya kugeuzia treni, mataruma yote chini ya vyuma. Kimebaki kitu kimoja tu, kokoto. Reli bila kokoto ni kama mtu aliyevaa tai akasahau suruali.

Angeziweka mwenyewe, ila haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Dereva wa treni mzima, aliyekuwa anamwona mbuzi kabla mbuzi hajaamua kuvuka, leo anamimina chai pembeni ya kikombe! Alhamisi anapasuliwa jicho la kulia. La kushoto kaapa haligusi mtu. Na hata hilo la kulia alikuwa hataki, mimi ndiye niliyemlainisha. Nilimsimulia yule jamaa wa machimboni: daktari alimtoa macho yote, akayasuuza kwenye beseni, akayarudisha, na jioni jamaa anatunga uzi kwenye sindano, tena taa imezimwa. Shemeji akacheka. Akasema haya, nipelekeni.

Anachotaka ni kimoja: akifunguliwa jicho, aikute reli yake imekamilika.

Dada kanivuta jikoni. Kwa sauti ya chini kabisa: mume wangu akipofuka kwa hadithi zako, fimbo yake ya kutembelea itakuwa wewe. Nikacheka. Nimecheka njia nzima mpaka nyumbani kwangu, halafu nikaacha.

Jumatatu, 3 Juni

Kokoto si mchezo! Watu wanadhani jiwe ni jiwe. Mimi nimekula vumbi la machimbo, ule mlima niliumaliza karibu peke yangu, lakini haukunitoa jasho kama leo. Nilileta jiwe halisi kutoka relini, nikaliweka kando ya kichwa cha treni cha shemeji. Dada akachungulia: hiyo treni itapita hapo, au inakwenda kupanda mlima?

Nikajaribu mchanga wa mto. Punje mviringo, zinametameta, reli ikageuka ufukwe. Kokoto ya kweli ina kona. Kona ndizo zinazoshikana, taruma lisicheze. Basi dawa ni kutwanga jiwe lenyewe. Nikatwanga. Nikachekecha kwa chujio la juisi, mapande yakabaki juu. Nikarudia kwa chujio la chai, vumbi likaanguka. Kilichobaki ndicho kokoto — nikaweka punje moja kwenye taruma, nikainama, nikafumba jicho moja. Wallahi nilisikia honi!

Kinu ni cha dada. Machujio ni ya dada. Sijamwambia.

Jumanne, 4 Juni

Leo rangi. Nilizunguka mtaa mzima nikiokota: mawe ya relini, matofali yaliyovunjika, kokoto za fundi wa sakafu za terazo, makapi ya mchonga mawe. Nikatwanga yote, nikapanga vibakuli dirishani. Shemeji akaketi, akainua kimoja kimoja hadi puani kama ananusa.

Akachagua zile za fundi wa terazo. Eti hizi ndizo, kijivu cha udongo udongo, vilevile kama njia kuu.

Nikatazama. Buluu! Si buluu ya shati la shule, lakini buluu. Nikamwambia taratibu, shemeji, mbona hizi zina ubuluu? Akanigeukia. Mimi nimetazama kokoto kupitia kioo cha treni maisha yangu yote, wewe umezitazama wapi, shemeji? Juu ya toroli?

Nikanyamaza. Mimi! Dada aligeuka kuona kama nimezimia. Lakini mtu anakwenda kumpa daktari jicho lake, utabishana naye rangi? Na huenda njia kuu ya enzi zake ilikuwa buluu, nani ajuaye.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundisha. Kazi safi, hata wazungu wa reli wangepiga saluti. Unamwaga kokoto kati ya mataruma, unasawazisha kwa brashi, unapuliza maji kidogo. Halafu gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, unadondosha kwa bomba la sindano. Mara ya kwanza kokoto zilielea kama mende kwenye beseni! Nikaongeza tone la sabuni, zikatulia, gundi ikanywewa mpaka chini. Pale kwenye pointi nilikuwa naichezesha kila mara kwa kijiti cha meno, isije ikaganda treni ikashindwa kugeuka.

Dada kauliza kwa nini unga leo una mchanga. Nimemwambia ni wa duka lile.

Alhamisi, 6 Juni

Benchi la hospitali ya macho. Wameshamwingiza.

Alipofika mlangoni aliuliza, shemeji, lile beseni lilikuwa la plastiki au la bati? Nesi akanitazama. Nikasema bati.

Sijasimulia chochote tangu hapo. Dada kaniuliza kama naumwa.

Mlango bado umefungwa.

Baadaye: katoka. Jicho limefunikwa, anaongea, anadai chai. Daktari anasema imekwenda vizuri, lakini tutajua kesho wakifungua. Kesho! Mtu atalalaje na neno kama hilo?

Ijumaa, 7 Juni

ANAONA!

Daktari alibandua bandeji, shemeji akapepesa, akapepesa tena. Halafu akamtazama daktari, akamwambia kifungo chako cha pili kimelegea. Akamgeukia dada, akamtazama sana. Akauliza: mke wangu, umezeeka lini? Dada akampiga begani, akalia, akampiga tena, daktari akasema jamani msimtikise mgonjwa! Mimi nilitoka nje kutafuta maji. Si kulia. Maji.

Nyumbani tukamketisha mbele ya reli. Nimekaa pembeni nasubiri sifa. Akasema: nani kaweka bahari kwenye reli yangu?

Nikasema wewe! Akasema mimi? Na akili zangu? Dada akaapa kuwa alikuwepo. Shemeji akafunika jicho jipya kwa kiganja. Akasema, hapa ni kijivu cha udongo. Akafunika la zamani. Akasema, hapa ni bahari. Akafanya hivyo kama mara kumi, huku akicheka kimyakimya kwa kuwa kakatazwa kujitikisa. Kumbe miaka yote hii alikuwa anatutazama kupitia chai!

Mimi nilijua toka Jumanne. Nilikuwa nampa nafasi.

Jumapili, 9 Juni

Tangu jana nabandua. Maji ya vuguvugu, gundi inalainika, unakwangua kwa kijiko. Kazi yangu yote nzuri imeingia kwenye ndoo — na najishangaa, maana nilikuwa napiga mluzi. Hata dada kaja na kijiko chake. Kinu amekiona. Amesema tutaongea.

Leo nimepanga vibakuli upya dirishani. Shemeji kakaa wima kama alivyoagizwa, hainami, sisi ndio tunamwinulia. Hii nyekundu mno. Hii inang'aa mno. Hii ya mchonga mawe ndiyo — hapana, ngoja. Kafunika jicho moja. Kafunua. Kafunika jingine. Dada kamuuliza, baba, tufuate jicho lipi sasa?

Nimekwisha kuzimua gundi, bomba la sindano ninalo mkononi. Namwambia shemeji, amua, gundi inaganda! Ananiambia weka chini. Haigundishwi hata punje mpaka jicho la kushoto nalo lipige kura.

La kushoto? Lile aliloapa haligusi mtu?

Dada kasimama na kijiko hewani. Shemeji kakamata simu, anazisoma namba za daktari mwenyewe, moja moja, kwa sauti, bila miwani —