Miguu Miwili ya Kulia

2 Mei

Kwa mume wangu Kipara,

Hujambo? Kifua kimeacha kukubana kwa baridi ya huko? Na chakula unakipika, au bado ni mikate mikate kama mtu aliye safarini? Mimi sijambo. Kigutu kimekauka vizuri, hakiumi ila mvua ikitaka kunyesha. Kinachonisumbua ni kidole gumba cha ule mguu nisiokuwa nao. Kinawasha, na sina pa kukikuna.

Usinipigie simu. Simu nimempa shangazi yako. Kutwa ilikuwa inalia, watu wananiuliza habari za mguu kana kwamba umesafiri na utarudi. Nimechoka kupewa pole. Mwenye neno na mimi aandike. Kisomo cha watu wazima sikukisoma ili nitie saini fomu za hospitali tu.

Sasa habari yenyewe. Mwezi uliopita nilianguka uani nikienda msalani na magongo. Nilichubuka kiwiko tu, lakini shangazi yako alipoiona ile bandeji alilia kuliko siku niliyokatwa mguu. Amekata shauri. Mwisho wa Juni anakuja na gari, anabeba kitanda changu, nyumba inafungwa, mimi nahamia kwake ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu, mume wangu! Nitakaa dirishani nihesabu kunguru. Simlaumu, tangu nianguke halali vizuri. Ila nimemwomba jambo moja naye amekubali: siku akifika, akinikuta naweza kutoka kitandani hadi msalani na kurudi bila kushikwa na mtu, ataniacha kwangu. Amekubali upesi kwa sababu hajui kuhusu mguu wa bandia unaonitengenezea huko masomoni. Usimwambie. Nyumba hii nimeijenga na babu yako, tofali tulifyatua wenyewe. Sitaki kutoka humu nikiwa nimebebwa.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine. Usiifungue mpaka siku yako ya kuzaliwa. Desturi yetu unaijua, siku hiyo hali mtu kitu humu ndani mpaka nimesimulia ulivyozaliwa. Mwaka huu nimekuandikia. Baba na mama yako wako kambini kwenye ile barabara wanayoijenga isiyoisha, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha.

Mkeo,
Bibi


16 Mei

Kwa mke wangu wa pekee,

Shikamoo Bibi. Najua utasema, mume gani anamwamkia mkewe shikamoo? Lakini fimbo yako naikumbuka. Mimi mzima, kifua kimeachia, na jana nilipika wali. Uliungua chini na ukabaki mbichi juu, lakini ni wali.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Sitamwambia shangazi. Kikombe cha mguu wako, ile sehemu inayopokea kigutu, nimekimaliza. Nimekitoa kwenye plasta niliyokufunga kabla sijaondoka, siku ile uliyolalamika kwamba nakupiga lipu kama ukuta. Mwalimu wa karakana alikishika, akakigeuza, akasema, "Sawa." Kwake yeye hiyo ni hotuba. Imebaki kufunga bomba na wayo wa raba.

Hapa karakanani kuna sheria moja ambayo haichezewi. Hautoki mguu mlangoni kabla haujakaguliwa na mtu wa pili. Wanamwita "jicho la pili". Hata mwalimu mwenyewe na mvi zake humwita mwanafunzi amkagulie kazi. Ukipita, kuna muuguzi wa kwetu anaondoka kwenda likizo tarehe tisa Juni. Ataubeba mpaka hospitali, kwa yule mama anayekufanyisha mazoezi.

Kuhusu siku yangu usiwe na wasiwasi. Itaangukia Jumapili na karakana itakuwa imefungwa. Wenzangu sijawaambia. Mtu mzima kujitangazia siku ya kuzaliwa naona ni kama kujialika harusini.

Mumeo,
Kipara


8 Juni

Kwa mke wangu,

Shikamoo Bibi. U hali gani? Kigutu je? Leo nimetimiza miaka ishirini na tatu, na mwili hauna ugonjwa.

Bweni limekuwa kimya tangu jana. Wenzangu wamekwenda kwao, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo hata mpita njia sina. Baba na mama walinipigia asubuhi, simu ikakatika katikati ya wimbo. Nikatoka. Mwalimu alikuwa ameniachia ufunguo wa karakana nije nimalize mguu wako.

Nilikuta mashine zimefunikwa na vumbi la plasta limetulia juu ya kila kitu. Nikataka kula mkate wangu, nikakumbuka desturi. Nikafungua bahasha yako. Lakini hadithi ile husomwa kwa sauti, tena mbele ya watu. Basi nikazisomea nyayo za raba zilizopangwa rafuni. Nilipofika pale unaposema nilitoka na upara, nikatazama dari kama mwenye nyumba anayetafuta panapovuja, nilicheka sana. Kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyekipokea. Nikalia, Bibi. Nililia kwa sauti, mkate mkononi. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Baadaye nikanawa uso nikaanza kazi. Nilichukua ile karatasi niliyochorea wayo wako ukiwa umekaa kitandani. Nikapima nyayo za rafuni moja baada ya nyingine mpaka nikaupata uliolala juu ya mchoro sawasawa, hauzidi wala haupungui. Nilifurahi kama nimekuona. Nikaufunga kwa spana, nikausimamisha mguu mezani, nao ukasimama.

Jicho la pili halikuwepo. Muuguzi anaondoka kesho alfajiri, kabla karakana haijafunguliwa. Nikajisemea, kikombe kilishakaguliwa, wayo ni bolti moja tu. Jioni nimempelekea. Usiuvae kabla mama wa mazoezi hajafika. Na ukishasimama uniandikie, hata mstari mmoja.

Mumeo,
Kipara


11 Juni

Bibi, usiuvae ule mguu!

Shikamoo. Unisamehe kuanza hivyo. Leo mwalimu alikuwa anapanga rafu, akauliza nani amechukua wayo wa kulia wa saizi yako, maana wa kushoto bado upo. Wewe umekatwa mguu wa kushoto. Ile karatasi niliuchora mguu uliobaki, yaani wa kulia. Nilipaswa kuigeuza ndipo nipime. Hilo tunafundishwa wiki ya kwanza, Bibi. Nami siku ile, na macho yangu yaliyovimba, nilitafuta wayo unaofanana na mchoro, nikaupata, nikashangilia. Nimekutumia mguu wa kulia wa pili.

Haraka haraka haina baraka, ulinifundisha wewe mwenyewe. Kidole gumba kitakuwa nje. Unaweza kujikwaa, ukaanguka, na safari hii isiwe kiwiko. Muuguzi simu yake haipatikani akiwa huko. Hospitali inaita tu, hapokei mtu. Nimeshika simu nimpigie shangazi, nikaiweka chini. Nikimwambia, kesho yake gari litakuwa mlangoni kwako. Nisipomwambia, huenda ukaumia. Sijui nifanye nini. Mwalimu hajanigombeza hata kidogo, na hilo linanitisha zaidi.

Mumeo asiye na akili,
Kipara


24 Juni

Bibi,

Shikamoo. Sijui hali yako, na hilo ndilo linaloniua. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kila siku nauliza barua kwa bawabu wa bweni mpaka sasa akiniona tu anatikisa kichwa.

Mchana huu nampigia shangazi, nimwambie yote. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Bora nyumba ifungwe kuliko wewe uvunjike nyonga. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa mzima.

Mjukuu wako


26 Juni

Kwa mume wangu Kipara,

Kwanza pumua. Shikamoo zako zote nimezipokea, marahaba. Mimi mzima, tena mzima kweli. Najua shangazi yako ameshakudokezea kwenye simu, lakini yule hajui kusimulia. Kaa chini nikueleze.

Mguu ulifika kabla ya barua yako ya kunikataza. Mama wa mazoezi aliuleta mwenyewe. Akanivisha kikombe, nikafumba macho nikisubiri maumivu. Hayakuja. Kimekaa hakibani wala hakichezi, mwanangu, kimenishika kama kinanijua. Nikafumbua macho, tukatazama chini wote wawili. Mwishowe nikamuuliza, "Mbona kidole gumba kimehamia kwa jirani?"

Tulicheka mpaka akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. Mume wangu, tangu nikatwe mguu sikuwa nimecheka kwa tumbo. Nilidhani kicheko nacho kilibaki hospitali. Alipomaliza kujifuta machozi akaukagua bolti kwa bolti, akanisimamisha, akanitembeza. Akasema kwa ndani na uani utafaa, nikienda taratibu na fimbo, mpaka wa kushoto uje. Basi jicho lako la pili lilikuwepo, ila lilikuwa huku.

Ikabaki ndala. Nilikuwa na jozi mbili zinazofanana, nikachukua za kulia zote mbili. Za kushoto nimezihifadhi. Ukimwona huko mwanamke mwenye shida kinyume cha yangu, niandikie tugawane.

Nikafanya mazoezi kila siku mpaka kigutu kikaota sugu. Shangazi yako akaja Jumamosi, kabla ya siku tuliyokubaliana, na kamba za kufungia kitanda mkononi. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuja kunihamisha. Nikamwambia, "Kaa hapo kwenye kiti." Nikainuka. Nikatoka mlangoni, nikavuka uani, nikaingia msalani. Nilikaa huko kidogo makusudi, ajue ni safari ya kweli. Wakati wa kurudi niliyumba karibu na kamba ya nguo. Akaruka kutoka kitini. Nikamnyooshea fimbo: "Kaa!" Akakaa, mikono kichwani.

Nilipofika kizingitini alikuwa analia kama mtoto. Kisha akatazama chini. "Mama, mbona miguu yote inakwenda upande mmoja?"

"Imekubaliana," nikamjibu.

Tukacheka tena, mpaka dereva akaja kuchungulia kama kuna msiba. Kamba zikarudi garini. Shangazi yako akalala kwangu, akakoroma mpaka jua likachomoza. Nilimwangalia nikamhurumia. Kumbe hofu ile ilikuwa imembeba miezi yote hiyo, na wala haikuwa nyumba yangu aliyoitaka. Alitaka kulala usingizi tu.

Kwa hiyo juzi ulipompigia alikuwa anajua kila kitu. Anasema uliongea kama mtuhumiwa, naye akakuacha umalize mashtaka yote ndipo akacheka. Huyo ni mwanangu, sikatai.

Neno la mwisho. Kulia siku ya kuzaliwa si aibu, hata siku ya kwanza yenyewe ulilia. Lakini kulilia raba nakukataza. Mficha uchi hazai. Waambie watu siku yako, wale nawe huo wali wako mbichi.

Mkeo,
Bibi


14 Julai

Kwa mke wangu mwenye miguu iliyokubaliana,

Shikamoo Bibi. Nimepumua. Siku aliyocheka shangazi kwenye simu nilikaa chini ukumbini pale pale, bawabu akaniletea maji. Barua yako ilipokuja nikalala mchana kutwa. Sikujua nilivyokuwa nimechoka.

Mwalimu aliniita. Nilidhani naambiwa nifungashe. Akaniuliza kwa nini Jumapili ile sikumwita aje anikagulie. Nikamwambia ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa na sikutaka kumsumbua mtu. "Nakaa mtaa wa pili kutoka hapa," akasema. "Ningekuja hata na nguo za kulalia." Kwake hiyo ni zaidi ya hotuba. Kisha akanipa kazi ya kukagua miguu ya wenzangu mwezi mzima. Nilidhani ni adhabu, lakini naona ananiamini.

Wenzangu walinikasirikia kweli kweli kwa kuwaficha. Wakaja chumbani na vikombe vyao, wakakaa mpaka sakafuni, wakanilazimisha niwasomee hadithi yako. Niliifasiri kwa lugha yao nikiendelea. Wanacheka vizuri kuliko raba, Bibi.

Wayo wa kushoto umeondoka leo. Umekaguliwa na macho mengi mpaka nadhani umeona aibu. Mama wa mazoezi ataufunga, bolti moja tu.

Mumeo,
Kipara


9 Agosti

Kwa mume wangu,

Marahaba. Hujambo? Mimi sijambo. Wayo umefungwa na ni wa kushoto, nimeutazama mwenyewe mara mbili.

Barua hii ni fupi. Naandikia hapa barazani. Nyumba nimeshaifunga kwa nje, ufunguo ninao mimi, barua hii naipeleka mwenyewe, na posta hufungwa mchana. Natembea pole pole, kwa hiyo acha niende.

Mkeo,
Bibi