Nusu ya Jibu la Mchungaji

Jumamosi, 14 Juni

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si Kaka. Hata kwenye sala nimelizungukazunguka weee, nikaishia kuwaombea wagonjwa. Leo nimedanganya kanisani. Mbele ya watu arobaini, na maiki mkononi.

Siyo uongo mzima. Nusu. Nilitafsiri nusu ya jibu, nusu nyingine nikaimeza.

Nianze mwanzo. Usharika wetu una semina ya wainjilisti na wazee wa kanisa. Mwalimu ni mchungaji mmisionari kutoka ng'ambo, mrefu, anachechemea kwa sababu ya viatu vipya. Kiswahili chake ni neno moja. Ukimpa chai, asante. Ukimkanyaga, asante. Juzi kuku kampisha mlangoni – asante! Vijana wa kwaya wanamwita Mchungaji Asante, na mwenyewe anafurahi. Mkalimani aliyepangwa aliugua, basi Baba, ambaye ni mwinjilisti, akanitoa mimi. Eti huyu wangu anasoma kwa lugha mbili, atafanya. Mimi! Ambaye darasani nikiitwa jina nainua kidole tu ili nisisikike.

Somo ni jinsi ya kufasiri Biblia. Yeye aliandika ubaoni kwa Kiingereza, mimi pembeni kwa Kiswahili. Usisome mstari peke yake, soma na majirani zake. Palipo giza pamulikwe na palipo wazi. Sheria na Injili usizichanganye, na usiache mojawapo. Nilikuwa naenda vizuri mpaka nikajisahau.

Halafu Mama Redio akasimama. Ndiye fundi cherehani anayeshona vitambaa vya madhabahu. Binti yake ana miaka tisa, hatembei tangu azaliwe, lakini mdomo haupumziki, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Redio. Mama mtu akauliza kuhusu lile neno kwamba maovu ya wazazi Mungu huyapatiliza kwa watoto, yaani watoto ndio wanaoadhibiwa. Akasema, mchungaji, mtoto wangu unamjua. Je, ni mimi?

Hata feni niliisikia.

Swali nililitafsiri sawasawa. Mchungaji akavua miwani, akajibu muda mrefu bila kukata, nadhani alinisahau. Kwanza alisema neno lile ni kweli, tusilipunguze makali. Halafu akasema "lakini" – na baada ya hapo ndipo jibu lenyewe lilipokuwa. Niliyasikia yote. Niliyaelewa yote! Hiyo ndiyo aibu yangu. Ningekuwa sikusikia ningelala.

Maana wakati ule ule kule nyuma vijana wa kwaya walikuwa wananiigiza. Mmoja anaongea kwa pua kama mimi, wenzake wanakandamiza vicheko. Masikio yakawaka. Nikataka kukaa chini tu, dunia nzima sikutaka kingine. Nikasema: "Anasema neno hilo ni kweli, Mungu huyapatiliza, tusilipunguze makali."

Nikakaa.

Mama Redio akasema asante mchungaji. Akainamisha kichwa, akalia bila sauti. Na mchungaji akamwekea mkono begani, anatabasamu. Alidhani analia kwa kufarijika.

Ikagongwa kengele ya chakula. Nilikula sahani mbili. Sijui kwa nini naandika hata hilo.

Jumapili, 15 Juni

Ibada ya Meza ya Bwana. Watu wakaenda mbele kupiga magoti, benchi kwa benchi. Benchi la Mama Redio likasimama. Yeye akavuta miguu pembeni kuwapisha wenzake, akabaki na mkoba mapajani. Redio akamvuta mkono, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mama, zamu yetu!" Akanyamazishwa.

Nilikuwa nimepiga magoti nikamwona kwa chini ya kwapa la Kaka. Mimi niliyekosa nimekula. Yeye ambaye hakukosa hakula.

Nyumbani Mama hana mbavu kwa furaha. Anawaambia majirani mwanangu ndiye mdomo wa mchungaji. Kaka naye: "Mheshimiwa Mkalimani, nitafsirie basi, hili sufuria linasema lioshwe na nani?" Wote wakacheka. Nikaliosha mimi, ingawa zamu ilikuwa yake. Akashangaa.

Jumanne, 17 Juni

Mbaya zaidi!

Mchungaji Asante aliniita ofisi ya usharika baada ya shule. Anaandika barua kwa kanisa lililomtuma, kila ziara lazima awaandikie. Akanisomea kipande nimwambie kama kiko sawa. Kiliandikwa hivi: mama mmoja mwenye mtoto mlemavu alibeba hatia miaka tisa, na siku aliposikia Injili alilia kwa furaha mbele yetu sote. Anataka na picha yake iwemo, lakini hawezi kuituma bila ruhusa ya mama. Niende mimi nikaulize, kwa kuwa mimi ananielewa.

Akaniuliza, ni sawa?

Nikasema ni sawa. Kwa Kiingereza safi kabisa.

Akasema bila mimi angekuwa bubu katika nchi ya watu. Yaani alikuwa ananishukuru. Nikatazama viatu vyake. Kisigino cha kushoto kimefungwa plasta.

Jumapili ijayo alfajiri anaondoka.

Alhamisi, 19 Juni

Nimetoka kwa Mama Redio.

Chumba chake cha kazi ni kimoja, cherehani dirishani, vipande vya vitambaa mpaka uvunguni mwa meza. Redio alikuwa juu ya benchi anachambua vifungo kwa ukubwa, anavitia kwenye makopo. Kuniona tu: "Mama, yule wa kuongea kwa pua!" Mama yake ana pini tatu mdomoni, akamkemea kwa macho. Akanivutia kigoda. "Karibu, mwanangu. Usimsikilize huyo, hana swichi ya kuzima."

Nikamweleza habari ya picha. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Akasema waitume tu. Labda watu wa huko wataniombea.

Ndipo akaniambia, bila mimi kuuliza. Alipopata mimba ya Redio alikasirika. Siku moja alisema kwa sauti, peke yake jikoni, simtaki. Siku moja tu! Baadaye alimtaka kuliko kitu chochote. "Lakini nilishasema. Miaka yote najiuliza. Sasa mtu msomi, katoka mbali, kaniambia. Afadhali kujua, mwanangu. Nakushukuru ulinifikishia."

Alinishukuru!!

Kitambaa kipya cha madhabahu amekimaliza, cheupe, kimekunjwa ndani ya gazeti. Akaniomba nikipeleke mimi. Hataki kukipeleka mwenyewe, si mtu wa kusogea pale tena.

Mteja akaita nje, akatoka kumpima. Redio akaacha vifungo. Akatazama kwanza mlangoni. Halafu akaniuliza taratibu: "Dada, kwa hiyo mimi ni adhabu?"

Jibu nililijua. Nililisikia kwa masikio yangu haya. Nikamwambia nina haraka.

Nina haraka. Ndilo nililomjibu mtoto.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda ofisini kumwambia mchungaji. Baba alikuwepo. Nikampa mchungaji ruhusa ya picha tu. Akasema asante. Nikatoka.

Nimerudi tena saa kumi. Baba bado yupo!

Kitambaa kiko chini ya kitanda changu. Sijathubutu kukipeleka.

Jumamosi, 21 Juni

Leo asubuhi nimefanya kitu. Nimechana karatasi katikati ya daftari la hesabu, nikaandika jibu lote, kama alivyolisema, kwa Kiswahili. Limekuja lote, hata pale alipokohoa. Nimeibandika karatasi kwa gundi humu kwenye ukurasa huu.

Kwamba neno lile ni kweli na lisipunguzwe. Lakini halisomwi peke yake. Kwamba kwenye Yohana, sura ya tisa, wanafunzi waliuliza swali lile lile juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake, na Yesu akajibu si yeye wala si wazazi. Kwamba hapo ndipo penye mwanga, na kwa mwanga huo ndipo urudi kusoma pale penye giza. Kwamba Sheria ni ya kumwamsha aliyelala, na aliyekwisha kuvunjika usimsomee Sheria mara ya pili, msomee Injili. Halafu alimtazama Mama Redio usoni akasema, mara mbili: Mama, si wewe. Na mtoto si adhabu.

Mama, si wewe. Maneno matatu! Yangenigharimu pumzi moja.

Na nimegundua kitu kinachonichoma zaidi. Semina nzima nilikuwa nawatafsiria wazee wa watu wasikate mstari katikati. Halafu nikamkata mwalimu mwenyewe katikati. Kwa sababu ya pua.

Mpango: nimpe Mama Redio karatasi, nikimbie. Hapana – nimpe mchungaji, yeye ampe. Lakini hawezi kuisoma, ni Kiswahili! Ataniambia nimsomee. Kwa vyovyote lazima nifungue mdomo.

Saa tisa alasiri. Mchungaji yuko sebuleni, amekuja kuaga, mimi niko chumbani kwangu. Mama kaandaa chai, Baba anacheka kwa nguvu kama anavyocheka akiwa na wageni. Asante nimezihesabu, zimefika kumi na moja.

Ngoja.

Kuna mtu kabisha hodi. Ni sauti ya Redio, na kiti chake cha magurudumu kinagonga kizingiti! "Hodi, hodi, tumekuja na magurudumu!" Na mama yake anamwomba Baba radhi kwa kuja bila taarifa. Nimesogea ukutani, nasikia kila kitu. Anasema ana swali moja la mwisho kabla mchungaji hajaondoka. Kama kosa ni lake, afanye nini ili Mungu amdai yeye, amwachie mtoto.

Mungu wangu.

Baba anasema atajaribu kutafsiri mwenyewe. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu, lakini kajitolea. Mama Redio anasema hapana, mwinjilisti, samahani, nataka yule binti yako. Yule yule. Mwingine ataniongezea ya kwake. Yule nina imani naye.

Mchungaji anauliza kwa Kiingereza, kwani kuna nini, mbona mama analia, ni habari njema tena? Na hakuna wa kumjibu. Nyumba nzima, hakuna wa kumjibu ila mimi.

Baba anaita.

Kandambili zake hizo. Zimepita jikoni. Nataka kusukuma daftari chini ya kitanda, na kitambaa cha madhabahu kiko hapo hapo – lakini karatasi ya jibu imo humu! Nikilificha daftari nimelificha na jibu, mara ya pili. Nikilitoa ataona yote, toka mstari wa kwanza. Anagusa kitasa. Gundi imeshika, karatasi haitoki bila kuchana ukurasa mzima. Basi, natoka na daftari lote mkononi.