Bangili Iliyopinda

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Shikamoo yako imefika Kinampanda ikiwa na vumbi la njiani, lakini nimeipokea. Mke wetu, bibi yako, hajambo. Anauliza lini utakuja kumwoa, eti mimi nimemchosha. Alizeti mwaka huu imekubali.

Unauliza kama utanivunjia heshima ukivua bangili niliyokupa, kwa vile msimamizi wa kiwanda amekataza mapambo kazini. Msikilize mtu wa darasa la nne anayewashinda wenye vyeti. Enzi za ruksa, biashara binafsi zilipofunguliwa, tajiri mmoja alifunga mashine ya kukamua alizeti pale Kiomboi, akatuajiri mimi na kaka yangu Yona. Tukaambiwa pete na bangili zivuliwe. Yona alivaa bangili ya shaba ya marehemu baba, alama ya mrithi wa ng'ombe.

Nikamwambia, "Kaka, nipe nikushikie."

Akacheka. "Nikupe wewe? Jioni si nitakukuta zizini unahesabu ng'ombe wako!"

Kwa utani nilikuwa bingwa, ila siku ile nilisema kweli. Akaisukuma juu karibu na kiwiko, akashusha mkono wa shati kuificha. Mchana ikateremka. Mkanda wa mashine ukaikamata, ukaondoka na mkono.

Hospitali alinikabidhi bangili bila kuniangalia. Ng'ombe nikarithi mimi. Kila Krismasi nilimkatia nyama sahanini, na mpaka anakufa hakuwahi kunitania tena.

Ndiyo hiyo uliyovaa. Ule upande uliopinda ulidhani fundi alikosea.

Ivue, mume mwenzangu. Mwenzako akisema akushikie, mpe.

Babu yako